Maziwa ya Bibi Yunisi

Habari zilimfikia Loisi asubuhi, amesimama kibandani kwake Kizota, anamimina maziwa ya moto kwenye vikombe vya mafundi wa kuchomelea. Mafundi wale huamini kwamba maziwa huosha moshi wa vyuma kifuani, na kwa imani yao hiyo Loisi alikuwa amesomesha binti na kupaua nyumba. Aliyeleta habari ni kaka yake, Anthony. Alikuja kwa miguu kutoka gereji yake, mikono bado ina grisi, akasubiri wateja wapungue.

"Wanakuja," alisema.

"Kina nani?"

"Stanley na mama yake. Wamesikia Hana amechumbiwa. Wanasema mahari ya binti wa ukoo wao haiwezi kupokelewa na mjomba wakati baba mzazi yu hai. Watakuwepo siku ya kikao, keshokutwa Jumamosi."

Maziwa yalifurika kikombeni yakamwagikia mkono wake. Loisi hakuutoa mkono.

"Baba mzazi," alisema polepole. "Baba mzazi wa nani?"

Anthony alichukua kitambaa akamfuta dada yake mkono, maana alijua swali lile halikuwa lake kulijibu.

Loisi alikuwa ameolewa Bahi, kwenye kaya ya watu wenye ng'ombe na majaruba ya mpunga. Mwanzoni alipendwa. Alikuwa hodari wa kukamua, na Stanley, mumewe, alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, wa aina ile ambayo haiamui jambo mpaka mama yake akohoe. Mama mwenyewe aliitwa Bibi Yunisi. Mwembamba, mrefu, sauti yake ikisikika kutoka zizini mpaka barabarani. Hana alipozaliwa Bibi Yunisi ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyemwonyesha kwa majirani. Mtoto alinyonya, akaachishwa, akahamia kwenye maziwa ya ng'ombe, akanenepa kama ndama.

Alipokaribia umri wa kwenda shule, mambo yakageuka. Akinywa maziwa mabichi ya asubuhi, tumbo linajaa kama ngoma, linanguruma, kisha linamwendesha. Wakampeleka zahanati, akapewa dawa za minyoo. Haikusaidia. Akinywa tu, tumbo. Asiponywa, mzima, anacheza.

Bibi Yunisi alilitazama jambo hilo kwa majuma kadhaa bila kusema neno. Halafu akasema.

"Katika ukoo huu hata kuku wanakunywa maziwa," alimwambia Stanley, Loisi akiwa palepale anapepeta uwele. "Mtoto wa damu yetu hawezi kukataliwa na ng'ombe wetu. Damu inaijua damu. Muulize mkeo yule mnunuzi wa mpunga aliyekuwa akilala hapa msimu wa mavuno, kwao wanafuga nini."

Loisi alidhani ni utani mbaya wa mkwe. Alimgeukia mumewe acheke naye. Stanley alikuwa anatazama ardhi.

Kilichofuata ndicho Loisi alichokibeba miaka yote. Wazee wa ukoo waliitwa, wakaketi nje ya tembe yao ya paa la udongo. Bibi Yunisi akaleta kata ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, povu bado liko juu, akamshika Hana kidevu. "Kunywa, tuone wewe ni wa nani." Mtoto, kwa kumwamini bibi yake, akanywa yote. Wakakaa. Wakazungumza habari za mvua. Baada ya muda Hana akaanza kujikunja, akamwambia mama yake tumbo linauma, akainuka kukimbia, hakufika. Alijiharibia mbele ya wazee wale wote, gauni lake la Krismasi likalowa. Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Hana alisimama katikati yao hajui akimbilie wapi, anamtafuta baba yake kwa macho, na baba yake akageuza uso akatazama mbuga.

Loisi alimbeba mwanawe kama alivyo, na uchafu wake, akaondoka. Alipofika barabarani aligeuka mara moja tu. "Siku yenu ipo," alisema, kwa sauti ya chini, hata aliyekuwa karibu hakusikia.

Akafikia kwa Anthony, Kizota, akaanza biashara. Biashara gani? Ya maziwa. Watu waliojua habari yake walishangaa, wakafikiri amesahau. Hawakumjua. Kila alfajiri maziwa yalipopanda sufuriani yeye aliyatazama kama mtu anayemtazama shahidi aliyesema uongo, na akaendelea kuyauza. Wanaume walikuja kumposa, akawarudisha. Mchungaji alihubiri habari ya kusamehe saba mara sabini. Loisi aliitikia amina pamoja na kanisa zima, na moyoni hakusamehe hata moja. Uchungu wake aliufukia kama moto unavyofukiwa majivuni, na moto wa namna hiyo hauhitaji kuni nyingi.

Hana akakua, akasomea ushonaji. Maziwa mabichi hakuyagusa tena maishani. Maziwa ya mgando aliyanywa kidogokidogo bila shida, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Akachumbiwa na Elieza, kijana wa karakana ya mageti, mstaarabu, wa familia ya watu wa Kondoa waliohamia mjini. Na sasa, ng'ombe wa mahari wakiwa wameshatajwa, damu iliyotupwa nje na uchafu wake ilikuwa imekumbukwa.

Siku mbili hizo Loisi aliwaza mambo mengi, mengine hayafai kuandikwa. Alifikiri kuwafungia geti. Alifikiri kumwaga maji machafu njiani kwao. Alikuwa hana usingizi wala hamu ya kula, na hali hiyo ndiyo aliyokutwa nayo na Zuleha.

Zuleha alikuwa mhadhiri wa biolojia kwenye chuo kikuu kule Chimwaga, mzaliwa wa Dodoma mjini, mtoto wa wafanyabiashara wa siku nyingi. Alikuwa amepanga Kizota, na kila jioni alipita kununua mgando. Jioni ya Ijumaa alimkuta Loisi anamhesabia chenji huku machozi yanamtoka bila yeye kujua.

"Mama Hana, una nini?"

Loisi hakuwa na desturi ya kumwaga mambo yake. Lakini alikuwa amejaa, na chombo kilichojaa hakingoji kuombwa. Akasimulia yote, toka kata ya maziwa mpaka Jumamosi. Zuleha aliketi kwenye kreti la soda, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo Loisi hakulitarajia.

"Hana alipokuwa mdogo kabisa, maziwa ya ng'ombe alikuwa anakunywa bila tatizo?"

"Sana. Mpaka alipokaribia kuanza shule."

Zuleha akaitikia kwa kichwa. "Basi, mama Hana, mwanao haumwi kitu. Ngoja nikueleze, na wewe utanisimamisha nikikupoteza."

Akamwonyesha karakana ya mageti ng'ambo ya barabara. Akamwambia mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na katika karibu kila seli kuna DNA, maelekezo yote ya kutengeneza mtu. Kila elekezo moja ni jeni. Mojawapo ni la kutengeneza laktezi, kimeng'enya cha utumbo mdogo kinachokata sukari iliyomo kwenye maziwa ili iingie mwilini. Isipokatwa, hushuka chini, vijidudu vya utumbo mpana huichachusha, tumbo linajaa gesi, maji yanavutwa, mtu anaharisha.

"Sasa, yale maelekezo hayatoki kwenda karakana. Ni kama mchoro wa asili wa geti, unabaki ofisini. Lazima mtu aje anakili. Ndani ya seli mwandishi huyo anaitwa RNA polimerasi. Anaishika DNA mwanzoni mwa jeni, anazifungua nyuzi zake mbili, anatembea juu yake herufi kwa herufi, na nyuma yake inatoka nakala. Nakala hiyo ni RNA. Ndiyo inayokwenda kusomwa, laktezi ikatengenezwa."

"Kwa hiyo wa Hana hanakili?"

"Zamani alinakili. Ndiyo maana alinenepa. Lakini mwandishi huyu hajiendei tu, mama Hana. Seli ya jicho lako ina jeni ya laktezi vilevile, ila jicho halitengenezi laktezi. Ya kazi gani? Mbele ya jeni kuna sehemu za DNA ambazo si maelekezo ya kutengeneza kitu. Ni mahali pa protini nyingine kushika. Zikishika pale, zinamwita polimerasi, anakuja, ananakili tena na tena. Zikiachia, haji. Kwa mtoto mchanga zinaita mchana na usiku. Akishaachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani mwito unafifia, nakala zinapungua, laktezi inakwisha. Ndivyo walivyo wanyama wote wanaonyonyesha. Sisi tunaoendelea kunywa ukubwani ndio tuliobadilika. Kwenye koo za wafugaji wa huku kwetu ilitokea zamani sana herufi moja ikabadilika, si ndani ya jeni yenyewe, ni mbali kidogo mbele yake, pale pa kushika. Kwa herufi hiyo moja mwito haukomi mpaka uzeeni."

Loisi akauliza kwa sauti ndogo, "Ina maana mwanangu hakupungukiwa kitu?"

"Jeni yake ya laktezi ni nzima kama yako. Anayo. Haisomwi tu."

Mwanamke yule, ambaye hakulia mbele ya wazee wa Bahi, aliinamisha uso kwenye kaunta ya kibanda chake.

"Na aliirithi wapi hali hiyo?" aliuliza alipoinuka. "Mimi nakunywa. Stanley anakunywa kama ndama."

"Kila mtu ana jeni hiyo mara mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukiwa na ile herufi kwenye moja tu, inatosha, unakunywa. Kwa hiyo wewe unayo moja inayoita na moja iliyonyamaza. Baba yake naye hivyohivyo. Hana akapewa zilizonyamaza zote mbili. Hutokea, na hutokea sana. Baba wa mtoto naye alipewa yake iliyonyamaza na mmoja wa wazazi wake." Zuleha akaongeza kwa uangalifu, "Ila nisikudanganye. Hili halithibitishi kwamba Stanley ndiye baba. Linaonyesha tu kwamba walichokutolea nje hakikuwa ushahidi wa chochote. Ukitaka uthibitisho, kuna kipimo cha DNA, nakuelekeza pa kwenda."

"Nipime nini, mwalimu? Mimi nilikuwepo."

Zuleha akacheka, akachukua mgando wake. Akiwa anaondoka Loisi alimwita.

"Huu mgando. Mtu aliyenyamaziwa, kwa nini unamkubali?"

"Vijidudu vinavyogandisha vimeshakula sehemu kubwa ya ile sukari."

Hapo ndipo Loisi alipokumbuka. Alimwona Bibi Yunisi kama yuko mbele yake, asubuhi zile za Bahi, ndoo za maziwa mabichi zinapita, watu wote wanateka, na yeye anapunga mkono: "Hayo wapeni watoto." Alimwona anaegemea ukuta wa tembe na kibuyu chake cha mgando, anakitikisa, anakunywa. Chai ya rangi daima. Miaka yote ile Loisi hakuwahi kumwona mama mkwe wake akinywa maziwa mabichi hata funda moja. Alijua! Mzee yule alijua tumbo lake mwenyewe, na akamshika mtoto kidevu.

Siku ya Jumamosi Loisi alivaa kitenge kipya, akajitanda kanga. Aliwaambia wapangaji wake wa ua ule kwamba choo kitafungwa kwa kufuli kwa sababu ya wageni wengi, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Maziwa aliyachagua mwenyewe, ya kukamuliwa asubuhi ile, akayapasha bila kuyachemsha sana.

Wageni wakaketi chini ya turubai. Upande mmoja Elieza na wazee wa kwao, upande wa pili Anthony na jamaa wachache, na katikati, kwenye viti walivyojichagulia, Stanley na mama yake. Stanley alikuwa ameota mvi na kitambi. Bibi Yunisi alikuwa bado mrefu.

"Mbukwenyi," alisalimia wote kwa Kigogo, kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama," alisema Loisi, akapiga goti kama mkwe mwema.

"Marahaba. Naona umenenepa."

"Ni maziwa, mama."

Stanley akaanza maneno yake aliyoyatayarisha: damu haipotei, mtoto ni wa ukoo, hasira za zamani ni za zamani. Anthony alitaka kujibu. Loisi akamgusa bega. Akaja na kikombe kikubwa cha bati, kimejaa, akakishika kwa mikono miwili mbele ya Bibi Yunisi.

"Kabla ya yote, mama. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba damu inaijua damu, na kwamba kwenye ukoo wako hata kuku wanakunywa maziwa. Wazee hawa hawalifahamu hilo. Kunywa, waone tunazungumza na nani."

Wazee wa upande wa Elieza walidhani ni mila ya Wagogo, wakatazama kwa heshima. Bibi Yunisi alikitazama kikombe, kisha akamtazama Loisi, na wanawake wale wawili wakaelewana vizuri kuliko walivyowahi kuelewana maishani. Akikataa, ameyakana maneno yake. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi kilikuwa kimembeba mbali. Akanywa yote, akapangusa midomo.

"Asante, mama," alisema Loisi. "Sasa tuzungumze."

Akazungumza. Alikuwa hajawahi kuzungumza namna ile. Aliuliza habari za majaruba, za bwawa, za kila jirani wa Bahi na watoto wake. Aliwaomba wazee wa Elieza waeleze safari ya babu zao kutoka Kondoa. Pilau likaletwa, akawasihi watu wasile kwa haraka. Hatimaye Bibi Yunisi akaacha kula. Akabadilisha mkao. Akaubadilisha tena. Tumbo lake likanguruma, na aliyekuwa karibu akajifanya hakusikia. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Choo kiko wapi?" aliuliza chini kwa chini.

"Kule, mama. Kimefungwa." Loisi aliinua pindo la kanga, fundo likaonekana. "Ufunguo ninao. Waambie kwanza watu hawa kwa nini unakwenda."

"Loisi!" alisema Anthony.

"Nyamaza, kaka. Mama, waambie."

Mzee alishika kingo za kiti. Alimtazama mwanawe, na mwanawe, kama ilivyo desturi yake, akatazama kwingine.

"Maziwa yananikataa," alisema Bibi Yunisi. Sauti ile iliyokuwa ikifika barabarani haikufika hata viti vya nyuma.

"Tangu lini?"

"Tangu utoto."

"Umesikia, Stanley?" Loisi alisimama. "Tangu utoto! Tumbo lake Hana alilirithi kwa mama yako, kupitia kwako. Mlimtupa kwa kufanana na bibi yake. Na huyu alijua, siku ile alipomshika mtoto kidevu."

Angesema mengi zaidi, alikuwa nayo ya miaka. Lakini Hana alikuwa ametoka ndani, amevaa vazi lake la kikao. Alimfikia mama yake, akalifungua fundo la kanga kwa vidole vyake vya mshonaji, akachukua ufunguo. Akamshika bibi mkono, akamwinua, akamfunika kiunoni kwa mtandio wake mwenyewe, maana mzee alikuwa ameshachelewa. Wakaondoka taratibu pamoja, warefu wote wawili, wanatembea sawasawa.

Hakuna aliyecheka. Loisi alikuwa amesubiri kicheko hicho miaka yote, na hakikuja.

Wazee wa Elieza walitoa mahari kwa Anthony, bila ubishi. Stanley aliondoka kabla ya soda, akamwacha mama yake amelala kwenye kitanda cha Hana, akisema atarudi kumchukua kesho yake. Hana alimwogesha bibi yake. Mama yake alipoingia chumbani na maji ya moto, Hana aliyapokea mlangoni.

"Mimi sikumbuki sura ya hata mzee mmoja wa siku ile," alimwambia. "Nakumbuka wewe ulivyonibeba. Leo ungenikumbuka mimi kwanza, mama."

"Nilikukumbuka wewe. Ndiyo maana."

"Mbele ya wakwe zangu?"

Loisi aligeuka akarudi uani, lakini hakujuta. Alipoulizwa na Zuleha siku chache baadaye, alisema wazi: kama angerudishwa Jumamosi ile angekijaza kikombe mpaka juu, ila angemtuma Hana dukani kwanza. Zuleha hakumsifu. Alinunua mgando wake akaenda.

Bibi Yunisi alikaa chumbani kwa Hana siku nyingi kupita kesho hiyo, kwa sababu Stanley hakurudi. Alipopata nguvu aliomba kuzungumza na Loisi, na Loisi akaja, akasimama mlangoni.

"Mimi pia walinisema, nilipoolewa," alisema mzee. "Nikajifunza kuficha. Nilipomwona mtoto niliogopa wataniangalia mimi."

"Kwa hiyo ukawapa mwanangu wamwangalie."

"Ndiyo."

"Basi tumeelewana, mama," alisema Loisi. Hakuongeza neno la msamaha, na mzee hakuliomba.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya mtama, kanisani Kizota. Hana alimwalika bibi yake, akamkalisha benchi la mbele, na Loisi akakaa ncha nyingine ya benchi hilohilo. Anthony ndiye aliyemwingiza Hana kanisani. Stanley hakualikwa. Alikuja hata hivyo, kwa bodaboda kutoka Bahi, amevaa koti, akasimama nje kwenye dirisha la pembeni pamoja na wapita njia. Loisi alimwona. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyokuwa akinyoosha shingo amwone binti yake, na jinsi watu warefu walivyokuwa wamemzuia. Mhudumu wa kanisa alimnong'oneza: je, amwite yule baba aingie?

"Simjui," alisema Loisi, akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba kwa sauti kubwa.